Elimo Njau: Mtanzania aliyechora Injili kwenye kuta za Murang'a

Ndani ya Katedrali ya Mtakatifu James na Wafiadini Wote mjini Murang'a, katikati mwa Kenya, kuna picha tano kubwa za ukutani zinazosimulia maisha ya Yesu Kristo tangu kuzaliwa kwake hadi msalabani. Yesu anayeonekana humo ni Mwafrika. Mama yake ni Mwafrika, wanafunzi wake ni Waafrika, na nchi anayoishi ni ya vilima na mabonde kama ile anayoiona muumini akitoka nje ya mlango wa kanisa. Aliyezichora, hata hivyo, hakuwa mwenyeji wa Murang'a. Ni Elimo Njau, Mchagga aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Jina la Njau lipo kwa Wachagga na lipo kwa Wakikuyu, na msomaji asiyejua anaweza kumdhania mwenyeji kwa kusikia jina tu.

Siku hizi picha ya Yesu mweusi haimshangazi mtu Afrika Mashariki. Iko kwenye kalenda, kwenye vitenge vya maadhimisho na kwenye vioo vya madirisha ya makanisa. Picha za Murang'a zilikamilika mwaka 1959, Kenya ikiwa bado koloni, na hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ikiwa haijaondolewa. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwa kumbukumbu ya watu waliouawa katika vita vilivyowagawa majirani, na mara nyingine watu wa nyumba moja. Ndiyo maana maelezo ya kazi hii hayawezi kuanzia kwenye brashi na rangi. Yanaanzia kwenye vita.

Kanisa lililojengwa katikati ya vita

Wakati huo mji uliitwa Fort Hall, kwa jina la Francis Hall, ofisa Mwingereza aliyefariki mwaka 1901 akiwa katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Kwa Wakikuyu eneo hilo lina heshima ya kale zaidi. Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo masimulizi yao husema Gikuyu na Mumbi, wazazi wa jamii nzima, waliweka makazi ya kwanza, pako huko huko Murang'a.

Vita vya Mau Mau vilihusu ardhi na uhuru, na ndivyo wapiganaji wenyewe walivyoliita jeshi lao. Nje ya Kenya vilisimuliwa kwa muda mrefu kana kwamba vilikuwa baina ya Waafrika na walowezi wa Kizungu. Hesabu za vifo zinaonyesha sura nyingine. Walowezi waliouawa katika miaka yote ya mapigano walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na wapiganaji, kwa takwimu rasmi za serikali ya wakati ule, walizidi 1,800. Upande wa waasi waliouawa ni zaidi ya 11,000, na wanahistoria wamehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa amri ya mahakama. Kati ya mwaka 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja waliondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika kwenye migongo ya vilima na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Murang'a ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopitia hayo yote.

Mtihani wa mwananchi wa kawaida ulikuwa kiapo. Kiapo kililiwa usiku, kwa siri, na aliyekula alifungwa nacho. Kukikataa kulikuwa kuhatarisha maisha. Kukila kulikuwa kuhatarisha maisha kwa namna nyingine, kwani serikali iliweza kumfunga au kumnyonga aliyeshiriki. Katikati ya mbano huo walikuwapo Wakristo, hasa wale wa vuguvugu la Uamsho lililoenea kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930. Wengi wao walikataa kiapo kwa hoja kwamba wamekwisha kunywa damu ya agano jingine, na hawawezi kuongeza juu yake damu ya mbuzi. Baadhi walikataa pia kushika bunduki walizopewa na serikali, jambo lililowafanya watiliwe shaka na pande zote mbili. Wapo walioshambuliwa katika nyumba zao na kuuawa. Hao ndio wafiadini wanaotajwa katika jina la katedrali.

Mfasiri anayefanya kazi na maandishi ya kipindi hicho hukwama mara kwa mara. Nyaraka za kikoloni zina neno la watu "watiifu", ambalo mtu wa upande wa pili angelisoma "wasaliti". Neno "gaidi" la mwaka 1954 limekuwa "mpigania uhuru" mwaka 1964. Hata neno "mfiadini" halikuwa jepesi mjini Fort Hall. Mjane ambaye mumewe alikufa akikataa kiapo, na mjane ambaye mumewe alikufa msituni, wangeweza kuwa wanateka maji katika kijito kimoja.

Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mei 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Siku chache kabla, katika Katedrali ya Namirembe mjini Kampala, Fisher alikuwa amewaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika kwa mpigo: Daniel Deng Atong wa Sudan, Yohana Omari wa Tanganyika, na Wakenya wawili, Festo Olang' na Obadiah Kariuki. Kariuki, mtu wa Uamsho na Mkikuyu, ndiye aliyekuwa mchungaji wa eneo la Fort Hall. Yeye na Jomo Kenyatta walikuwa wanyumba, yaani wameoa binti za mtu mmoja, Chifu Koinange wa Kiambu. Fisher alipoweka jiwe lile, Kenyatta alikuwa mfungwa wa kikoloni katika kaskazini kame ya Kenya, akitumikia kifungo cha miaka saba kwa shutuma ya kuiongoza Mau Mau. Askofu wa kanisa la waliouawa na Mau Mau alikuwa, basi, mwanyumba wa mtu aliyeshitakiwa kuwa kichwa cha Mau Mau. Kwa wakati ule na mahali pale hilo halikuwa jambo la ajabu.

Kijana kutoka mlima mwingine

Njau alikulia katika mazingira ambayo kwa mengi yanafanana na Murang'a: migomba na kahawa, mito inayoshuka kwa kasi kutoka mlimani, vihamba vilivyobanana. Kilimanjaro kulikuwa na shule na makanisa ya Kilutheri tangu enzi za Wajerumani. Picha zilizotundikwa katika shule za misheni, Kilimanjaro kama kwingineko, zilikuwa zimechapishwa Ulaya, na malaika, mitume na Bwana wao wote walikuwa watu wa Ulaya. Mtoto alijifunza kwa macho, kabla ya kujua kusoma, kwamba mambo matakatifu yalitendeka kwa watu wasiofanana naye.

Katika miaka ya 1950 Njau alikwenda Chuo cha Makerere, Kampala, kusomea sanaa. Shule hiyo ilianzishwa na Mwingereza Margaret Trowell, ambaye mwaka 1937 alianza kuwafundisha watu wachache kwenye baraza ya nyumba yake. Namna yake ya kufundisha inastahili kuelezwa kwa sababu inasaidia kuziona picha za Murang'a. Trowell hakuwawekea wanafunzi sanamu za Kigiriki wazinakili. Alikaa, akawasimulia tukio kwa maneno: soko, mvua inayokuja, harusi, kisa cha Biblia. Kisha akawaacha wachore walichokiona kichwani. Kisa cha Biblia kilichosimuliwa hivyo kwa kijana wa Kiganda kilitoka kwenye karatasi kikiwa na migomba.

Wapo waliomlaumu baadaye kwamba alitaka Waafrika wabaki katika Uafrika alioufikiria yeye, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ukiwatazama waliopita mikononi mwa shule ile, ni vigumu kusema walibanwa. Gregory Maloba, Mkenya, alifinyanga na kuchonga, na ndiye aliyetengeneza mnara wa uhuru uliosimama Kampala mwaka 1962. Sam Ntiro, Mchagga mwingine, aliyemtangulia Njau kwa takriban miaka kumi, alichora shughuli za vijijini Kilimanjaro, na moja ya picha zake ilinunuliwa na jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960. Baadaye Ntiro aliiwakilisha Tanganyika kama balozi mjini London.

Njau alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu alipokabidhiwa kuta za Murang'a. Alikuwa mgeni kwa kabila, kwa koloni na, kama Mlutheri miongoni mwa Waanglikana, hata kwa dhehebu. Nadhani ugeni huo ulikuwa sehemu ya sifa zake. Mchoraji Mkikuyu, mwaka ule, angeulizwa kwanza baba yake alikuwa upande gani.

Picha tano

Matukio aliyoyachora ni kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, sala ya Gethsemane na kusulubiwa. Kila mwenye kujua Injili anayajua, na hakuna hata moja aliloliongeza mchoraji. Alichofanya ni kuyahamisha. Bethlehemu na Yordani na Yerusalemu vimewekwa katika nchi ya Wakikuyu, pamoja na mimea yake, nyumba zake na watu wake.

Picha ya ukutani hufanya kazi tofauti na picha ya kutundikwa. Ya kutundikwa hutazamwa na mgeni aliyelipa kiingilio, dakika mbili, kisha akapita. Ya ukutani kanisani hutazamwa na mtu yule yule kila Jumapili, akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, akiwa mwanafunzi anayesinzia wakati wa mahubiri, akiwa bibi harusi, akiwa amekuja kumzika mzazi. Haihitaji kusomwa kwa mara moja. Inahitaji kuonekana kutoka viti vya nyuma, kwa hiyo maumbo yake lazima yawe makubwa na ya wazi, na inahitaji kuvumilia kutazamwa mara elfu mbili bila kuchosha. Mchoraji wa ukutani pia hana njia ya kuificha kazi isiyopendwa.

Sasa tujaribu kuzitazama kama alivyozitazama muumini wa mwaka 1959. Kuzaliwa na ubatizo huenda vilimfurahisha tu. Mtoto amezaliwa kwenye nyumba ya kwao, maji ni ya mto anaoujua. Karamu ya mwisho ni jambo jingine. Watu kumi na watatu wamekutana usiku, faragha, wanakula na kunywa pamoja kitu kinachowafunga kuwa wamoja hadi kufa, na mmoja wao atakwenda kuwauza. Hakuna mtu mzima Murang'a ambaye hakujua mkutano wa namna hiyo, kwa kuuhudhuria au kwa kuukimbia. Karamu ya Kristo ikichorwa na watu weusi, katika nchi ile, inazungumza na kiapo moja kwa moja, mchoraji apende asipende. Inaweza kusomwa kama jibu kwa kiapo: hiki ndicho kikombe cha kweli. Inaweza pia kusomwa kama huruma kwa waliokula kiapo. Ukuta haumlazimishi mtu kuchagua.

Gethsemane hali kadhalika. Ni usiku, rafiki wamelala, na watu wenye silaha wako njiani. Mwaka 1959 vijiji vya Murang'a vilikuwa vimeishi miaka mingi chini ya amri ya kutotoka nje usiku, vikiwaogopa walinzi wenye bunduki za serikali kwa upande mmoja na watu wa msituni kwa upande mwingine. Yuda alimwonyesha Bwana wake kwa busu. Katika misako ya miaka ya hali ya hatari, watu walipangwa mstari mbele ya mtoa habari aliyefunikwa gunia zima, lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, mtu aliyesimama mbele yake anachukuliwa. Wakikuyu waliwaita watoa habari hao gakunia, yaani vijigunia. Sina ushahidi kwamba Njau alikuwa na gunia hilo akilini alipochora bustani ile. Waliokaa chini ya picha yake ndio waliokuwa nalo.

Kisha msalaba. Mfululizo unaishia hapo. Miongoni mwa picha tano hakuna ya kaburi tupu. Kwa kanisa la kumbukumbu ya waliokufa, tungetarajia ufufuo uwe ndiyo picha kubwa kuliko zote. Njau aliacha macho ya waumini kwenye mwili wa Mwafrika aliyeuawa kwa amri ya serikali, watu wa kwao wakishuhudia. Machi mwaka ule ule wa 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa kwa kukataa kufanya kazi. Habari hizo zilitikisa Bunge la Uingereza. Dedan Kimathi alikuwa amekwisha kunyongwa Kamiti miaka miwili nyuma.

Kanisa lilitaka kuwaenzi waliouawa na upande mmoja. Picha iliyopatikana haionyeshi upande. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa katika kazi ya Njau, kubwa kuliko rangi ya ngozi ya Yesu, ingawa rangi ya ngozi ndiyo iliyoandikwa zaidi. Mama wa mfiadini na mama wa mpiganaji wangeweza kupiga magoti mbele ya msalaba ule, na kila mmoja akamwona mwanawe.

Paa anapaa

Baada ya Murang'a, Njau hakuondoka Kenya. Alikuwa ameoa Mkenya, Rebeka, mwandishi ambaye tamthilia na riwaya zake ni miongoni mwa kazi za mwanzo za wanawake wa Afrika Mashariki, na ambaye aliongoza shule ya sekondari ya wasichana Nairobi. Mwaka 1963, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, Ezekiel Mphahlele, alianzisha kituo cha utamaduni cha Chemchemi mjini humo, na Njau akasimamia upande wa uchoraji. Katika miaka hiyo hiyo alifungua ukumbi wa sanaa wa Kibo nyumbani kwao Marangu, ili wasanii waonyeshe kazi zao chini ya mlima badala ya kungoja wageni wa hoteli za mijini.

Mwaka 1965 ulizaliwa ukumbi uliompa jina kuliko yote, Paa ya Paa, katikati ya Nairobi. Walioshirikiana naye ni pamoja na mshairi Jonathan Kariara, mwandishi wa habari Hilary Ng'weno na mchoraji wa katuni Terry Hirst. Waafrika walikuwa na kumbi chache mno mjini za kuonyesha sanaa zao, na huu ulikuwa wao.

Jina hilo limewasumbua wafasiri wengi. Kwa Kiingereza huelezwa kuwa ni swala anayeinuka juu. Kwetu sisi linachezea neno moja lenye maana nyingi: paa ni mnyama wa mbio, paa ni la nyumba, na kupaa ni kwenda juu, kama Bwana alivyopaa. Mwalimu wa sarufi angetoa kalamu nyekundu kwenye ile "ya", kwa kuwa mnyama angetaka "wa" na nyumba ingetaka "la". Labda ndiyo sababu jina limedumu. Haliko upande wa mnyama wala wa nyumba, na halifasiriki bila kupoteza kitu.

Kanuni ya ukumbi ilikuwa moja, na Njau aliirudia kwa kila kijana aliyefika: usinakili, kwani kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Wageni waliichukulia kama maneno ya mzaha mzito. Mtu aliyeona picha za Murang'a angeelewa ilikotoka. Kama angenakili picha zilizotundikwa katika shule za misheni, kuta zile zingekuwa na Yesu wa Ulaya, na Gethsemane ingebaki mbali na Murang'a.

Kanuni hiyo ilikuwa na gharama yake. Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Alifariki mwaka 1972, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea kuchora kwa mtindo wake. Kurudia kwao ndiko kulikozaa soko linalolisha familia nyingi hadi leo, na ndiko kulikoifanya picha ya Tanzania itambulike duniani. Kwa kipimo cha Njau, huko ni kumlaza Mungu. Kwa kipimo cha mchoraji wa Oyster Bay mwenye watoto wa kulipia ada, ni kazi. Nikiwa mtu ambaye riziki yangu ni kuyarudia maneno ya wengine kwa lugha nyingine, siwezi kuwa hakimu mkali hapa. Hata hivyo, Paa ya Paa haikuwahi kuzaa soko la namna hiyo, na haikuonekana kulitaka.

Baadaye ukumbi ulihamia Ridgeways, kando ya Barabara ya Kiambu, kwenye uwanja wenye miti nje kidogo ya jiji. Huko Njau aliuendesha pamoja na mkewe wa pili, Phillda Ragland Njau, Mmarekani mweusi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikielekea kuvunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo kumbi mbili alizozianzisha, Kibo na Paa ya Paa, zilikuwa pande mbili za mpaka uliofungwa.

Moto na ukuta

Mwaka 1997 Paa ya Paa iliungua. Moto uliteketeza jengo pamoja na mkusanyo wa miongo mitatu: picha za Njau, kazi za wasanii wa eneo zima waliopitia hapo, vinyago, maandishi na kumbukumbu. Kwa mtu anayetaka kuandika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki baada ya uhuru, hasara hiyo haina fidia, kwani kazi nyingi zilikuwa nakala pekee. Ndiyo maana ya kutonakili. Familia iliendelea kupokea wageni na wanafunzi katika uwanja ule ule, palipobaki majivu.

Picha za Murang'a hazikuwapo katika mkusanyo huo, kwa sababu haziwezi kuwekwa katika mkusanyo wowote. Hazikuwahi kuuzwa, hazikusafirishwa kwenda maonyesho ya London, hazina bei. Zimeambatana na jengo, na zitaishi kadiri jengo litakavyoishi na waumini watakavyolitunza.

Wakati huohuo, maana ya kanisa linalozihifadhi imebadilika bila mtu kuligusa. Baada ya uhuru wa Desemba 1963 Kenyatta aliwataka Wakenya wasahau yaliyopita, na marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ikabaki vitabuni kwa miaka mingine 40. Iliondolewa mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya kambini na kukubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na pia kugharimia mnara wa kumbukumbu. Waliokufa wa upande wa pili wakapata jiwe lao, zaidi ya nusu karne baada ya wale wa upande wa kanisa.

Mnara huo ulizinduliwa mwaka 2015 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 85 kutoka Murang'a. Unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Mpokeaji na mtoaji hawatazamani. Wamegeuza nyuso, kila mmoja upande wake, ili akikamatwa asiweze kusema amemwona nani. Katika katedrali ya Murang'a, kwenye ukuta aliouchora Njau mwaka 1959, wanaokula wameketi pamoja.